Mchanga wa Gezaulole: ninavyolima mboga na matunda kwa kufuata majira ya Dar

Nilikuwa fundi cherehani Kariakoo kwa miaka kumi na tisa kabla sijashika jembe. Macho yalipoanza kuona uzi mmoja kuwa miwili, niliuza cherehani mbili kati ya tatu, nikahamia kwenye ekari moja na robo tuliyonunua na marehemu mume wangu huko Gezaulole, Kigamboni. Jina la kijiji ni la Kizaramo, maana yake jaribu uone. Nilijaribu, nikaona. Msimu wa kwanza nilimwaga mbegu ya mchicha kwenye mchanga, nikamwagilia asubuhi na jioni, na nilichovuna hakikutosha mboga ya siku tatu. Babu jirani, mzaliwa wa hapo, alikuja akaegemea fimbo yake, akatazama, akasema: "Mwanangu, huyu unamnywesha maji tu, chakula hujampa."

Ninayoeleza hapa ni kwa mwenye shamba au kiwanja cha kichanga pwani hii, awe Kigamboni, Bunju, Mbweni au Chanika, anayetaka kulima bila mbolea za chumvichumvi na bila dawa za sumu. Kama uko bondeni kwenye udongo mzito mweusi, chukua ya majira, ya mchanga yaache.

Mchanga haushiki

Mchanga una kasoro moja inayozaa nyingine zote: haushiki. Maji yanapita, na yakipita yanaondoka na chakula. Ukitia mbolea ya dukani leo, mvua ya kesho inaishusha mizizi isikofika. Kinachoshika ni mabaki ya mimea na samadi vilivyooza, na joto letu huvila upesi. Mkulima wa Lushoto, kwenye baridi ya milimani, akitia samadi mwaka huu, mwaka ujao bado anaiona. Huku kwetu baada ya masika mbili umerudi kwenye mchanga. Kwa hiyo usihesabu mboji kama gharama ya kuanzia. Ihesabu kama chakula cha nyumbani, kila msimu kinanunuliwa.

Mimi sinunui sana, naokota. Muuza juisi ya miwa ana makapi ambayo mwenyewe yanamsumbua. Muuza mkaa ana chenga chini ya magunia, ambazo ataziuza kwa bei ya chini au kukupa bure ukizoeana naye. Mfugaji wa kuku wa nyama kila wiki sita hivi anatoa maranda bandani, na kirikuu moja (kigari kidogo cha mizigo) ya maranda inanitosha malundo mawili. Hayo maranda usiyatie shambani yakiwa mabichi. Niliwahi kufanya hivyo kwa haraka zangu. Mchicha ulioota vizuri uligeuka rangi ya chai ndani ya siku nne, kama nguo iliyoachiwa pasi juu yake.

Lundo la mboji nalijenga chini ya mkorosho, kivulini, upana mita moja na nusu, kimo cha kifuani, urefu kadiri vitu vilivyopatikana. Chini natanguliza vijiti na mabua ili hewa iingie. Halafu tabaka la vikavu, unene wa shibiri: nyasi, majani, makapi ya miwa. Juu yake majani mabichi, hasa glirisidia, alizeti pori na magugu ambayo hayajatoa mbegu. Juu yake maranda au samadi ya ng'ombe, unene wa vidole vinne. Nanyunyiza udongo kidogo wa lundo la zamani, na maji mpaka ukikamua kiganjani yatoke matone mawili matatu, yasichuruzike. Kisha narudia. Katikati nachomeka kijiti kirefu, juu nafunika kwa majani ya mgomba.

Kijiti hicho ndicho daktari. Siku ya nne kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa cha baridi na kikavu, maji hayakutosha. Kikiwa cha baridi na kinanuka kama mtaro, maji yamezidi na hewa hakuna. Geuza lundo, ongeza vikavu. Mimi nageuza kila baada ya wiki tatu, na baada ya miezi mitatu mboji inakuwa nyeusi, inanukia udongo wa mvua ya kwanza, na huwezi tena kujua ipi ilikuwa nyasi na ipi ilikuwa maranda.

Chenga za mkaa nazitwanga ziwe kama mchele, kisha naziloweka wiki mbili kwenye pipa la maji ya samadi. Usizitie kavu. Mkaa mkavu una njaa, utanyonya chakula cha mimea yako kabla haujaanza kukitoa. Ukishashiba ndipo unakuwa ghala, na mchangani ghala hilo halifuliwi na mvua. Tuta langu moja lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10 (napima kwa futi kamba yangu ya zamani, mkono wa fundi haukubali kukadiria), nalo linakula toroli tatu za mboji na ndoo moja ya mkaa ulioshiba.

Jambo la mwisho kwenye udongo, na kwangu ni la kwanza kwa uzito: ardhi isikae uchi. Jua la Februari juu ya mchanga mtupu, ukiweka mguu pekupeku unaruka. Fikiria mzizi wa mche wa wiki moja. Kila tuta lina matandazo, nyasi kavu au makapi ya mpunga, unene wa vidole vitatu, isipokuwa siku zile chache mbegu ndogo zinapoota. Tuta linalopumzika nalo halibaki tupu. Mvua za masika zikishika naotesha kunde au marejea. Marejea ni mmea ambao wamisionari wa Peramiho waliutangaza sana kwa wakulima wa kusini kwa ajili ya kurutubisha ardhi, nao kwenye mchanga una faida ya pili: unapunguza minyoo fundo, wale wanaofanya mizizi ya nyanya na bamia iwe na mafundo kama shanga. Ukianza kutoa maua, kama wiki nane hadi kumi hivi, ufyeke na kuulaza hapo hapo. Ukichelewa shina linakuwa gumu kama ufagio, halafu mbegu zinapukutika, na mbegu zile si chakula cha kuku wala mbuzi.

Kila majira na mboga yake

Watu wa mjini huniuliza, nipande nini kinacholipa? Nawajibu, niambie kwanza tuko mwezi gani. Dar ina majira manne na kila moja lina mboga zake zinazoota kwa furaha. Zile nyingine utazilea kama mgonjwa.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ndiyo harusi ya mkulima wa mboga wa pwani. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 18 au 19, mvua zimekatika, magonjwa ya ukungu yamepungua. Hapo ndipo panda nyanya, hoho, kabichi, chainizi, figili, karoti, matango. Lakini kipupwe huanza Aprili, wengine wakiwa wamejifunika shuka wanasikiliza mvua. Mbegu za nyanya na hoho nazisia kwenye kitalu kilichoezekwa makuti na nailoni mwishoni mwa Aprili, ili mwanzoni mwa Juni miche ina majani matano au sita na mvua kubwa imekwisha. Ukisubiri Juni ndipo usie, maua yatatoka Agosti mwishoni, na matunda yatakutana na joto la Oktoba. Nyanya usiku ukiwa wa joto hupukutisha maua, hata ukiimwagilia vipi.

Upepo wa kusi nao usiusahau. Miezi hiyo hiyo mizuri unavuma mchana kutwa kutoka baharini, unakausha tuta na kuvunja miche. Upande wa kusini wa shamba nimepanda mistari miwili ya mbaazi na mmoja wa milonge. Inakata upepo, nakula mbaazi, nauza majani ya mlonge.

Hadithi ya nyanya za masika sina budi kuisimulia ingawa inaniuma. Mwaka 2019 niliona bei ya nyanya sokoni Temeke Stereo imepanda, nikapanda miche 380 mwezi Machi. Duka moja la pembejeo liliniambia mbegu ile inastahimili kila kitu. Mvua zikaja, ardhi ikawa na joto na maji kwa pamoja. Wiki ya sita, saa saba mchana, miche kumi imelala, majani bado mabichi kabisa, jioni ikasimama. Kesho yake arobaini. Siku ya tatu haikusimama tena. Nilidhani maji ni machache, nikaongeza maji, yaani nikammalizia mgonjwa.

Huo ni mnyauko bakteria, nao una kipimo cha nyumbani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitundike kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, ndiye yeye. Hakuna dawa. Ng'oa, choma moto, jembe lioshwe, na hapo usipande tena nyanya wala ndugu zake, yaani hoho, biringanya, nyanya chungu, viazi mviringo, kwa miaka mitatu au zaidi. Tuta lile nililipa mahindi, kunde, mchicha, kisha marejea. Nilirudisha nyanya 2023, za kipupwe.

Basi masika nafanya nini? Masika ni ya kupanda vinavyodumu: migomba, mipapai, mihogo, miti. Na mboga za majani kwa ujanja. Mabondeni kunajaa maji na mchicha unaadimika, kwa hiyo mwenye tuta lililoinuliwa shibiri moja na nusu, chini ya kichanja chepesi cha makuti kinachovunja nguvu ya matone, anauza fungu kwa bei nzuri. Kiangazi ninafanya kinyume: tuta nalichimba lizame kidogo chini ya njia, maji ya keni yabaki pale pale kwenye mizizi. Nguo moja, mikunjo miwili.

Kiangazi cha Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua liko utosini, acha kabichi. Panda bamia, matembele, kunde za majani, mlenda, nyanya chungu, kisamvu. Hivi ndivyo walivyokula watu wa pwani miezi hiyo siku zote, na havikuchaguliwa kwa bahati. Mchicha pia unakwenda, ukiupa kivuli cha saa sita hadi saa tisa. Mbegu zake ni ndogo mno. Changanya kijiko kimoja na kikombe cha mchanga mkavu, mwaga kwenye mistari ya kina cha kucha, funika kidogo sana, zungushia majivu maana sisimizi wataibeba mbegu yote usiku mmoja. Wiki ya tatu hadi ya nne unang'oa.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni mvua isiyo na ahadi. Mwaka 2023 ilikuja na El Niño, ikanyesha kama masika. Mwaka mwingine inatema mate tu. Napanda kunde, maboga kwa ajili ya majani yake, mahindi kidogo ya kuchoma, na siweki mayai yote kwenye kapu hilo. Isipokuwa tikiti. Hapa nahesabu kama mtu anayeshona nguo za sikukuu: naanzia siku ya kuvaliwa, narudi nyuma. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na mwaka 2026 inaangukia katikati ya Februari. Tikiti langu linachukua siku 80 hadi 90. Kwa hiyo mbegu inaingia ardhini katikati ya Novemba, miche inakunywa mvua za vuli, tunda linakomaa kwenye jua la Januari na kupata utamu. Mwaka utakaofuata sogeza tena nyuma. Wiki mbili za mwisho punguza maji, la sivyo utauza ndoo za maji zenye ganda la kijani.

Kuhusu maji ya kisima: karibu na bahari yana chumvi, na inaongezeka kiangazi kila mtu anapopampu. Sabuni ikikataa kutoa povu, jihadhari. Maharage ndiyo ya kwanza kulalamika, ncha za majani zinaungua. Hapo mwagilia kwa wingi mara chache kuliko kidogo kidogo kila saa, na kinga maji ya bati wakati wa masika kwa ajili ya kitalu.

Wadudu, kwa ufupi

Mwarobaini uko kila mtaa wa Dar, na watu wanautumia kwa kivuli tu. Okota mbegu zilizodondoka, menya, kausha kivulini. Nusu kilo ya viini vilivyotwangwa, lita 10 za maji, usiku kucha, chuja kwa kanga, kipande kidogo cha sabuni ya mche, nyunyiza jioni. Ya jioni nasisitiza, jua huiua dawa hiyo. Rudia kila wiki. Inasaidia kwa vidukari, nzi weupe na viwavi wadogo. Kwa kantangaze, kiwavi mdogo anayetoboa majani na matunda ya nyanya, inapunguza tu; kinachofanya kazi ni kung'oa majani yenye michoro mapema na kuyafungia kwenye mfuko mweusi juani.

Mteja akiniuliza kama mboga zangu ni za kilimohai namwambia nalima hivi na hivi, njoo uone. Alama ya Kilimohai yenyewe huwezi kujibandikia. Inataka ukaguzi kwa kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, na kwa wakulima wadogo njia nafuu ni kikundi mnaokaguana. Kikundi chetu kina watu tisa na bado tuko njiani.

Matunda, na mafundi wenzangu wa mwembeni

Papai ni tunda la mwenye haraka: miezi tisa hadi kumi na moja unakula. Shimo futi mbili kila upande, toroli ya mboji, umbali mita 2.5, na miche mitatu kwenye shimo moja. Mitatu kwa sababu hujui dume ni yupi mpaka maua yatoke: dume hutoa maua madogo mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Yatakapojionyesha, bakiza mmoja unaozaa kwenye shimo, na dume mmoja kwa kila mipapai kumi au kumi na mitano. Panda juu ya kilima kidogo cha udongo, maji yakisimama shinani siku mbili mzizi unaoza. Na egemeza kwa mti. Kimbunga Hidaya kilipopita jirani na pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, mipapai yangu kumi na mmoja ililala, yote isiyokuwa na egemeo.

Mgomba mpe maji machafu ya jikoni na bafuni. Kila shina liwe na watatu tu, mama, mtoto na mjukuu. Wengine waondoe hata kama roho inauma. Pesheni ya huku iwe ya manjano, ile ya zambarau inataka baridi ya milimani.

Embe nimeliweka mwisho kwa sababu ya maji moto. Nasema wale chungu wekundu wa mitini. Nilipohamia nilitaka kuwachoma. Babu akanikataza, na siku moja nilisimama chini ya mwembe dodo nikaona kazi yao: wanashikana mikono kuvuta majani mawili yakutane, halafu mwingine anakuja na mtoto wao mdogo mdomoni, anampitisha huku na huku, mtoto anatoa uzi wa hariri, majani yanashonwa. Nimeshona miaka kumi na tisa, sijawahi kutumia mtoto kama sindano. Wakulima wa minazi na mikorosho wa pwani wanawajua kama walinzi, maana wanafukuza kunguni wanaofyonza nazi changa na korosho. Kwenye embe wanamsumbua pia inzi wa matunda, hana nafasi ya kutulia akataga.

Kuwahamisha si kazi ngumu ila ina masharti. Chagua viota kutoka kwenye mti mmoja au miti iliyoungana, kwa sababu ukichanganya koo mbili watauana mpaka wote waishe. Kata asubuhi na mapema kukiwa na ubaridi, kiota kizima kidondokee kwenye mfuko wa sandarusi, funga upesi. Tundika kwenye mwembe mpya, fungua mfuko, ondoka. Unganisha miembe yako kwa kamba juu kwa juu ili wasilazimike kushuka chini, kwa sababu chini kuna sisimizi wadogo wa kahawia ambao ni adui zao wakubwa. Nyasi zinazogusa shina zifyeke. Na embe zilizooza zikadondoka usiziache. Ziokote kila siku mbili, zitie kwenye mfuko mweusi, funga, acha juani wiki nzima, funza wafie humo.

Siku ya kuchuma tumia mti mrefu wenye kifuko, usipande. Kama lazima upande, vaa mikono mirefu, funga suruali chini kwa mpira, jipake majivu mikononi. Mimi humtuma mwanangu wa mwisho, na bado anashuka akiruka.